Tangazo Lililomkosa Msomaji wa Pili

KITUO CHA POLISI, MASISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Léontine Kasika
Umri: miaka 51
Kazi: mwandishi wa habari wa redio ya jamii, Masisi
Makazi: Masisi, mtaa ulio nyuma ya parokia
Anatoa maelezo kwa: hiari yake
Mbele ya: OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) Kambere Syauswa

Valens Byukusenge yuko hai. Nimeambiwa hivyo leo, Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023, na OPJ Kambere Syauswa anayeandika maelezo haya. Niliomba nimwone mwenyewe. Alinipeleka nyuma ya kituo, akafungua kidirisha cha mbao cha stoo wanamomficha tangu mlango wa selo, chumba cha mahabusu, uvunjwe. Valens alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono juu ya kichwa. Alidhani anayefungua ni mmoja wa watu wa nje. Aliposikia sauti yangu aliuliza: "Mama Léontine, balikuona ukiingia?" Nikamwambia ndiyo, wameniona. Akasema: "Basi rudia kwako." Sikurudi.

Ninapozungumza, nje ya ua kuna watu. Nilianza kuwahesabu nikaacha, kwa sababu mmoja wao alikuwa ananitazama. Ni kijana ninayemfahamu, mama yake huniuzia maharage. Amebeba bido, yaani dumu, ya njano. Sijui ndani yake mna nini. OPJ amefunga madirisha ya upande ule, lakini harufu ya petroli inaingia.

Nitasema kwanza nilichokiona, kisha nilichoambiwa na aliyeniambia. Nisichokijua nitasema sikijui.

Valens ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Karuba, wazazi wake ni wafugaji, na nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda. Ni fundi wa tovuti ya Njia Leo. Tovuti hiyo ilianzishwa na komite ya wafanyabiashara na motari wa hapa, yaani waendesha pikipiki, ili kabla ya kuondoka mtu afungue simu aone barabara ikoje: kwenda Nyabiondo, Kashebere na Walikale, au kushuka Sake. Mimi ni mmoja wa wanaoandika matangazo yake. Silipwi kwa kazi hiyo.

OPJ ameniomba nieleze tovuti inavyofanya kazi, kwa maneno ambayo hakimu wa Goma ataelewa. Ukurasa unajengwa juu ya kiolezo. Kiolezo ni kama nyumba yenye vyumba vitupu: pale juu jina la tovuti, chini yake tarehe, katikati tangazo. Msomaji huchagua lugha yake, na kiolezo hujaza vyumba hivyo kwa lugha hiyo. Lugha ni nne: Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda na Kifaransa. Tangazo likikosa tafsiri ya lugha fulani, kiolezo hakiachi chumba kitupu. Kinatafuta lugha nyingine ambayo kwayo tangazo limekwisha kukamilika, kinachukua maneno hayo na kuyaweka pale. Sisi tunayaita maandishi ya akiba. Hakuna mtu anayebonyeza kitu. Kinafanya chenyewe.

Jambo la pili ni kanuni yetu ya wasomaji wawili. Tangazo halihesabiwi kuwa limekamilika katika lugha yoyote mpaka watu wawili waliotajwa kwa lugha hiyo walisome na kulikubali. Kwa Kiswahili ni mimi na mwalimu Maurice. Kwa Kinyarwanda ni Valens na Mama Verdiane, muuza maziwa na jibini. Kanuni hii tuliiweka mwaka jana, baada ya mtu mmoja kuandika peke yake kwamba wapiganaji wanaingia sokoni. Watu walikimbia, hakuna aliyeingia, na waliporudi walikuta nyumba zao zimebebwa mpaka milango. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka tangazo la mtu mmoja. Maandishi ambayo hayajapata msomaji wa pili, kwa kiolezo, ni sawa na kutokuwepo.

Mnamo Ijumaa tarehe 10 Novemba, alfajiri, nilipigiwa simu na Emérita, mwuguzi aliye Nyabiondo. Ndiye anayetupa habari za upande ule, na sijawahi kumkuta amekosea. Alisema kwa sauti ya chini: "Mama, iko batu benye bunduki mbele ya Kashebere, kwenye ule muteremko wa kushuka mutoni. Balilala pale. Sema batu basitoke." Nilimwuliza ni kundi gani. Akasema: "Sikuuliza, mama. Nilikimbia." Baada yake katekista wa upande uleule alinipigia akasema jambo lilelile. Nilikuwa na vyanzo viwili. Nikaandika tangazo kwa Kiswahili, nikalituma kwa Maurice na kwa Valens.

Maurice hakujibu. Nilimpigia tena na tena, simu ilikuwa imezimwa. Nilijua baadaye, kwa mke wake, kwamba alikuwa amekwenda kuwapeleka watoto Ngungu kwa dada yake, akihofia mapigano, na kule hakuna mtandao. Redio nayo ilikuwa kimya. Jenereta yetu iliharibika Jumatano na fundi alikuwa hajafika.

Valens alikuwa kwenye duka la Mama Verdiane. Ana chumba nyuma ya duka hilo kwa sababu ndipo penye sola. Alitafsiri tangazo langu, Mama Verdiane akalisoma palepale kwenye meza ya jibini, akalikubali. Hivyo Kinyarwanda kikawa na wasomaji wawili. Kihunde kilikuwa bado, Kifaransa bado, Kiswahili kilikuwa na mimi peke yangu.

Nilifungua ukurasa wa Kiswahili kwenye simu yangu. Jina la tovuti lilikuwa la Kiswahili. Tarehe ilikuwa ya Kiswahili: "Ijumaa, 10 Novemba." Maneno "Hali ya barabara" yalikuwa ya Kiswahili. Katikati, kwa herufi nyekundu, palikuwa na Kinyarwanda. Mtu asiyejua habari za kiolezo angesema kuna mtu ameyaweka pale kwa makusudi.

Nilimpigia Valens. Fundi ana uwezo wa kupitisha tangazo bila msomaji wa pili. Nilimwambia alipitishe. Akasema maneno haya, na ninayarudia kama alivyoyasema: "Mama Léontine, mimi? Leo nikivunja kanuni mimi, kesho batasema Byukusenge anaandika vile anataka. Tafuta Maurice. Mimi naenda parkingi kubaambia na mudomo." Akakata simu. Sikubishana naye. Katika mwaka huu, katika Masisi hii, ambapo wasema Kinyarwanda wanashukiwa kuwa upande wa waasi, sikuona kwamba amekosea.

OPJ ameniuliza: je, si kweli kwamba Valens aliwaonya wa lugha yake tu?

Jibu langu: si kweli. Nilikuwepo. Niliondoka nyumbani bila kunawa uso, nikafika kwenye maegesho ya pikipiki ya njia ya Nyabiondo. Valens alikuwa amekwisha kufika na alikuwa anahema, maana alikuja kwa miguu mbio. Pikipiki nne zilikuwa zimepakiwa chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia. Mali ilikuwa ya Papa Muhindo, Mnande, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka hapa na duka lingine Walikale. Yeye mwenyewe alikuwepo. Bintiye Benita, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki ya kwanza, begi mapajani. Alikuwa anakwenda kufungua duka la Walikale.

Valens alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Bakaka, leo musitoke. Njia iko mubaya mbele ya Kashebere. Iko batu benye bunduki."

Motari mmoja akamjibu: "Weye Valens, tangu lini unatuchunga sawa ngombe?"

Mwingine, akimaanisha jibini, akasema: "Ni fromage ya Mama Verdiane njo imemutuma. Anataka aiuzishe Walikale yeye peke." Watu wakacheka. Benita naye alicheka. Alimwambia Valens: "Kaka, kama ni fromage utapata nafasi hapa kwa mugongo yangu."

Valens hakucheka. Alisema: "Dada Benita, shuka. Nakuomba. Shuka tu."

Papa Muhindo alitoa simu yake akafungua ukurasa. Niliona kioo cha simu kwa sababu nilikuwa nimesimama begani kwake. Alisema: "Hapa iko nini? Mimi Munande, hii siyo Kiswahili." Nikamwambia: "Papa Muhindo, ni tangazo langu, linasema njia imefungwa, tafsiri ya Kiswahili haijapita tu." Akaniambia: "Mama Léontine, kama iko jambo ya kweli, mungeliandika na Kiswahili. Hii ni mambo ya bao, bo kwa bo." Alimaanisha kwamba wasema Kinyarwanda wanaambiana wao kwa wao. Aliipitisha simu kwa motari wengine, akauliza nani anasoma.

Nataka sehemu hii iandikwe kama ninavyoisema. Karibu wote pale wanasikia Kinyarwanda cha sokoni. Wapo wawili watatu wanaokisoma. Simu ilipita mikononi mwao na kila mmoja alitikisa kichwa. Sikuona mtu mjinga pale. Niliona watu wenye hofu. Siku hizi mtu akionekana anasoma Kinyarwanda mbele ya watu, kesho ataulizwa amejifunzia wapi na anamsomea nani. Hata mimi, ambaye nimekaa miaka na jirani wanaokisema, sikuchukua ile simu.

Motari wa pikipiki ya kwanza, aliyembeba Benita, alikuwa Callixte Hakorimana. Mama yake ni wa Karuba, alikozaliwa Valens. Callixte alitazama kioo cha simu muda mrefu kuliko wenzake. Nina hakika alisoma. Kisha aliirudisha simu kwa Papa Muhindo na kusema: "Sijui, Papa. Kama weye unasema twende, twende." Papa Muhindo akasema twende.

Pikipiki zote nne ziliondoka. Valens aliishika pikipiki ya Callixte kwa nyuma, kwenye chuma cha mzigo, akakimbia nayo hatua kadhaa mpaka ikamshinda. Alianguka kwenye matope. Watu walicheka tena. Mimi sikucheka, lakini sikusema neno lingine.

Sikuwepo kwenye mteremko wa mto. Yaliyotokea kule nimeambiwa na motari wawili waliorudi kwa miguu Jumamosi mchana, na nimewasikiliza kila mmoja peke yake. Wote wamesema kwamba watu wenye silaha walitoka pande mbili za barabara. Walipiga pikipiki ya kwanza kabla haijasimama. Callixte Hakorimana na Benita walifia hapo. Dereva wa pikipiki ya tatu alichukuliwa pamoja na mzigo na mpaka leo hakuna habari zake. Kundi ni lipi, hawajui. Mimi pia sijui, na nisingependa mtu aandike jina la kundi katika maelezo yangu.

Jumamosi hiyohiyo alasiri, picha ya ule ukurasa ilianza kuzunguka kwenye simu. Ilifika kwangu mara saba kutoka kwa watu saba. Pamoja nayo palikuwa na sauti ya mwanaume: "Muone wenyewe. Baliambiana na luga yao basitoke. Sisi batuache tukufe. Na ule mwenye aliandika yuko hapa, anakula na sisi." Sauti hiyo siitambui. Kabla ya jioni duka la Mama Verdiane lilikuwa limepigwa mawe, na maziwa yalikuwa yametiririka mpaka barabarani. Mama Verdiane ametoka Masisi. Alikoenda nakujua na siandikishi. Valens alikuja hapa kituoni kwa miguu yake, mwenyewe, na kuomba afungiwe. Alifungiwa. Usiku wa jana selo ilivunjwa, na OPJ ndiye anayejua alivyomwokoa.

OPJ ameniuliza kama Papa Muhindo ndiye mlalamikaji, na kama nina ugomvi naye. Ndiye mlalamikaji. Sina ugomvi naye. Nimenunua sukari kwake miaka kumi na miwili. Jana nilikwenda kwenye matanga. Alikuwa amekaa chini, viatu vya Benita viko mbele yake. Nilimsalimia. Baadaye alisema, bila kuniinulia macho: "Mama Léontine, weye ulikuwa pale. Uliona bananificha." Sikumjibu, kwa sababu jibu langu lingekuwa kwamba hawakumficha, na nyumba ilikuwa imejaa watu, na baba yule alikuwa ametoka kumzika mtoto saa mbili kabla. Ninalitoa jibu hilo hapa. Papa Muhindo aliambiwa, mbele yangu, kwa lugha yake ya biashara ya kila siku. Binti yake naye aliambiwa. Sisemi kwamba alimwua. Nadhani hawezi kulala akijua kwamba aliambiwa, ndiyo maana anasema alifichwa. Hilo la mwisho ni wazo langu, OPJ akipenda alifute.

OPJ ameniuliza nani aliamua kwamba Kinyarwanda kionekane kwenye ukurasa wa Kiswahili. Jibu: hakuna aliyeamua Kinyarwanda. Kama Kihunde kingekamilika kwanza, pangetokea Kihunde. Iliyoamuliwa ni akiba yenyewe, na iliamuliwa kwenye kikao cha komite mwezi wa pili, katika chumba cha parokia. Kabla ya hapo, tafsiri ikikosekana, ukurasa ulikuwa mweupe. Motari walilalamika. Walisema ukurasa mweupe unawafanya wadhani mtandao umekufa, wanaondoka tu. Papa Muhindo ndiye aliyesema: "Kuliko kutupu, mutuwekee hata luga ya Wachina." Tulicheka.

Valens alikubali, ila aliomba jambo moja. Alitaka kila mara akiba inapotumika, juu ya maneno hayo pawe na mstari wa Kiswahili unaosema: "Tangazo hili bado halijatafsiriwa. Uliza kabla ya kuondoka." Tulibishana. Wengine walisema mstari huo utajaza kioo cha simu ndogo. Papa Muhindo alisema watu wataona kazi yetu ni ya nusu. Mikono ikanyooshwa, mstari ukakataliwa. Waliopiga kura kuutaka walikuwa wawili, Valens na padri. Valens alisema: "Sawa. Lakini siku moja mutu atasoma asielewe, na hatauliza." Mtu anayepanga kuficha habari haombi mstari kama ule.

Jana niliulizwa na jirani yangu kwa nini nije hapa. Aliniambia: "Dada, watoto bako na weye. Acha bamuchukue, itaisha." Sikulala. Asubuhi niliwavika watoto wa marehemu kaka yangu nguo za kwenda kanisani na kuwapeleka kwa masista, kwa sababu sijui nitarudi kwa njia gani. Naogopa. Nataka ijulikane kwamba ninaowaogopa ni watu walio nje. Niliyoyaeleza yako palepale.

Nina ombi moja. Mpaka leo lile tangazo halijatokea kwa Kiswahili mahali popote. Tovuti imezimwa. Watu wanaonyeshana picha ya maneno wasiyotaka kukiri kuwa wanayaelewa, na kila mtu anayatafsiri kwa hasira yake. Naomba liandikwe hapa, kama nilivyoliandika Ijumaa alfajiri na kama Valens na Mama Verdiane walivyolitafsiri bila kuongeza wala kupunguza:

"Barabara ya Masisi kwenda Walikale imefungwa. Kuna watu wenye silaha kwenye mteremko wa mto mbele ya Kashebere. Mtu yeyote asitoke leo, wa lugha yoyote, wa mzigo wowote. Mkiona aliyekwisha kuondoka, mrudisheni."

Nimelisoma mimi. Kwa kanuni yetu anahitajika mtu wa pili. Namwomba OPJ alisome.

Niliyoyasema nimesomewa, nimeyasikia, na sina neno la kuondoa.

(Saini) Léontine Kasika

Maelezo ya afisa: Tangazo lililo hapo juu nimelisoma kwa sauti mara mbili, la pili nikiwa nimefungua dirisha linaloelekea uani, kwa ombi la shahidi. Watu walinyamaza wakasikiliza. Wengine waliondoka. Kijana mwenye bido hajaondoka. Shahidi ametolewa kwa mlango wa nyuma akisindikizwa na polisi wawili mpaka kwa masista. Byukusenge Valens atapelekwa Goma, mbele ya parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, kwa gari la kituo, kupitia Sake. Hali ya barabara ya Sake haijulikani, kwa kuwa tovuti imezimwa tangu Jumamosi na hakuna mwingine anayetoa habari zake. Safari ni Jumatano tarehe 15 Novemba 2023, saa kumi na mbili asubuhi.

(Saini) OPJ Kambere Syauswa